Nikuongezee?

Wananijua kwa sauti. Sura huja baadaye,
dirishani, nimeshika mfuko uliotota mafuta.
Kwanza mimi ni kisanduku juu ya nguzo,
kinakohoa, kisha kinasema: Karibu, nikupe nini?
Na kabla hujafunga mdomo,
swali nililofunzwa siku ya kwanza kazini,
lililobandikwa juu ya kikaango cha chipsi:
Nikuongezee iwe kubwa? Senti arobaini tu.

Senti arobaini. Hapa Tarver, Mississippi,
hakuna kingine cha bei hiyo.
Duka la Pettis lilifungwa mwaka wa mafuriko;
nyanya ya karibu iko maili thelathini na moja,
na gari langu likizidisha kumi linatoa moshi.
Tunalala katikati ya mashamba, ndiyo,
mashamba mpaka macho yachoke:
pamba, na soya ya kunenepesha nguruwe wa mbali.
Hakuna jani la kutia mdomoni.

Ng'ambo ya maegesho
ipo zahanati ya kuchuja damu.
Taa zao na zetu zinamwagika kwenye lami moja.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
wanatoka na plasta mkononi, midomo imekauka,
wanavuka hatua arobaini kuja kwangu,
wale wenye miguu ya kuvukia.

Mwezi wa tatu alikuja bibi afya kutoka Jackson.
Alitupima viuno kanisani kwa utepe wa fundi cherehani
akitaja namba kwa sauti, kama mnadani.
Mama alivuta pumzi ndani
akaishikilia hadi machozi yakamlenga.
Tukapewa kipeperushi: brokoli,
imepambwa kama bibi harusi.
Nilikikunja mara nne, kikafaa chini ya mguu wa meza.
Saa nne usiku kisanduku kikakohoa.
Sauti ile ile, sasa imeshuka, imechoka njia:
Binti, kuna kwingine kulikofunguliwa mjini hapa?
Hakuna, mama.
Kimya. Basi nipe namba tatu.
Sikucheka. Nilimuuliza swali langu. Akasema ndiyo.

Lakini nilitaka kumsema Mwalimu Tarpley.
Ndiye aliyenifundisha sehemu, darasa la tano:
alikata chungwa vipande nane mbele yetu,
kisha tukala jibu.
Mwaka juzi kisukari kilimchukua vidole,
mwaka jana wayo, baada ya Pasaka kikafika chini ya goti.
Kutoa, kutoa, kutoa.

Usiku ule aliagiza namba mbili na soda,
na swali likanikwama kooni.
Nikasema tu: Sogea dirishani.
Gari halikusogea.
Nikasikia injini, redio, pumzi zake nzito.
"Oletha," akasema, "hujaniuliza."
Nikanyamaza.
"Wenzangu wote unawauliza. Mimi nimeshakufa?"

Nyuma yangu saa ya meneja ilihesabu sekunde kwa wekundu.
Nikameza mate. Nikuongezee, mwalimu?
"Nipunguzie."
Ndogo hakuna, mwalimu. Waliiondoa.
Ile ya kati ndiyo ndogo siku hizi.
Akacheka, kile kicheko cha ubaoni,
cha mwanafunzi aliyesahau kukopa kumi.
"Basi toa kwa mkono. Umesahau kutoa?"

Mashine yangu ina vitufe thelathini na viwili.
Nilivipitia vyote kwa kidole. Vya kuongeza tupu.
Bei ilibaki ile ile. Nikachota konzi moja ya chipsi
kutoka kwenye mfuko wake, nikampa uliobaki,
akaupima mkononi, akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Konzi ile ilibaki inaniunguza kiganja.
Kutupa chakula mama hakutufunza.
Nikaila nimesimama, mgongo kwa meneja,
ya moto, ya chumvi.
Ilikuwa tamu, jamani. Sitadanganya.
Kisanduku kikakohoa.